Osyp Hnatiuk, Mpiga Kengele wa Zoria

Padri, dada Olha, majirani wa Zoria na ninyi mliotoka Yorkton na Edmonton kwa barabara hizi za barafu, familia imenipa mimi, Metro Babiak, mtoto wa dada yake marehemu, kazi ya kusoma historia yake, na wale walionong'ona kwamba Metro ataongeza chumvi nimewasikia, wako benchi la tatu, lakini kwa mjomba wangu sikuhitaji kuongeza, nimepunguza, maana ningeleta yote hakuna ambaye angekubali kurudi nyumbani peke yake.

Marehemu Osyp Hnatiuk alizaliwa tarehe 14 Machi 1919 hapa Zoria, Saskatchewan, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa majani, akitanguliwa na kaka yake Petro na kufuatiwa na mama yangu Anna, akabatizwa katika kanisa hili hili wakati kuta zake bado zinanuka utomvu wa mbao mpya. Alisoma shule ya Zoria kuanzia mwaka 1926 hadi 1933, akaishia darasa la saba kwa sababu ya ukame, miaka ile upepo ulipokuwa ukinyanyua shamba la mtu na kulipeleka kwa jirani, na kwa kuwa alikuwa mrefu na mwenye mabega kuliko vijana wote wa rika lake, isipokuwa labda mimi nilipofikia umri huo, wazee walimpa kamba ya kengele.

Nchi yetu ni tambarare mpaka jicho linachoka, haina mti wala kilima cha kumwambia mtu yuko wapi, na dhoruba ya theluji ikianza mtu hupotea kati ya zizi na mlango wake mwenyewe, kwa hiyo sheria ya Zoria ilikuwa moja, kwamba kengele ipigwe bila kukoma, huku mzee wa kanisa akipita nyumba hadi nyumba kwa kushika kamba iliyofungwa kutoka ukuta hadi ukuta, akifungua kila mlango na kuangalia nani yumo, mpaka ahakikishe wote wameingia.

Tarehe 6 Januari 1938, mkesha wa Krismasi yetu ya kalenda ya zamani, dhoruba ilianza mchana, Osyp akiwa kwenye kengele na Petro akiwa amekwenda na sileji, kigari cha kuburuta juu ya theluji, kuleta majani ya kutandika chini ya meza kama tufanyavyo mkesha ule, na mzee wa kanisa siku zile alikuwa Tymko Rudyk, mtu mwema, nasema hivyo mbele ya wajukuu zake. Kila nyumba jioni ile ilikuwa na kiti kimoja kitupu mezani, na mbele yake sahani ya kutya, ngano ya kuchemsha yenye asali, kwa ajili ya marehemu wa ukoo, nanyi mnajua hakuna anayekikalia. Lakini kwa akina Hnatiuk mwaka ule meza ilikuwa ndogo, mbao za meza kubwa zilikuwa zimeziba paa, ikabidi sahani ya marehemu iwekwe dirishani, na kiti kilichobaki kitupu kilikuwa cha Petro. Tymko alifungua mlango kidogo, theluji ikiingia mgongoni mwake, akaona kiti kitupu chenye sahani mbele yake, akafanya ishara ya msalaba kukielekea, akafunga, na mama yangu alikuwa akisema mpaka anakufa, "Tulidhani anamwombea Petro aliyeko njiani, na kengele tuliisikia bado inalia, basi tukatulia."

Tymko akarudi kanisani akamwambia Osyp, "Acha sasa, kijana, wote wamo."

"Hata Petro?"

"Kwenu kiti kitupu ni kile cha marehemu tu. Nenda kale."

Osyp aliyekuwa kwenye kamba tangu mchana hakujua meza ilivyopangwa, akaachia, akafuata kamba mpaka nyumbani, akafungua mlango, akaona sahani ya marehemu iko dirishani na kiti cha Petro kitupu, na mama yangu anasema hakuvua hata kofia, aligeuka akakimbia akaipiga kengele ile mpaka kesho yake mchana, na sikio lake la kushoto halikusikia tena tangu siku hiyo.

Mnajua upepo wetu ulivyo, theluji laini unaila, ile iliyokanyagwa inabaki imesimama, hivyo nyayo za mtu asubuhi hazidumbukii chini bali zinainuka kama mikate juu ya meza. Ndivyo walivyozikuta nyayo za Petro, zimelizunguka kanisa hili mzunguko juu ya mzunguko, karibu kabisa na ukuta, mtu aliyesikia kengele ila hakuupata mlango, kisha zikaachana na ukuta, zikaelekea mahali wazi kule mashariki, na katikati ya uwanda zikaisha, hakuna mtu, hakuna shimo. Theluji ilipoyeyuka walitafuta mpaka vuli, hawakupata hata kifungo.

Mwaka 1946 marehemu aliajiriwa kupokea ngano katika ghala refu la kando ya reli, akafanya kazi hiyo mpaka ghala lilipofungwa mwaka 1979 na reli kung'olewa, na wakulima waliopo hapa ni mashahidi kwamba mizani yake haikumpendelea hata shemeji yake. Tarehe 9 Julai 1949 alifunga ndoa na marehemu Marunia Kostiuk, wakajaliwa mtoto mmoja, Olha, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1952, siku ya dhoruba, ambapo mkunga alikuwa nyumbani na baba alikuwa wapi hamhitaji kuambiwa. Shangazi Marunia alimwuliza mbele yetu, "Osyp, niliolewa na mtu au na kamba?" naye akajibu, "Siku za jua mtu ni wako, mama, mzima kuanzia nywele," na shangazi akacheka, lakini kila upepo ulipogeuka alimjazia chupa ya chai bila kuambiwa, kwa sababu hata yeye alikuwa amezisikia.

Maana kila dhoruba, watu wote wakiwa ndani, hatua zilisikika nje ya ukuta huu, za mtu asiye na haraka, na kesho yake nyayo zimeinuka zimelizunguka kanisa. Wapo waliosema ni ng'ombe. Mimi nilizikagua mwaka 1972, nikiwa mtu mzima na sina tone la kinywaji mdomoni, nawaambia sijawahi kuona ng'ombe aliyevaa buti lenye kisigino kilicholika upande mmoja.

Shangazi alifariki mwaka 1986, na Olha alikuja na gari kumchukua baba yake, akamwambia, "Baba, kwangu Edmonton joto lipo mpaka kwenye korido," naye akamjibu, "Petro haijui Edmonton, mwanangu," akabaki, ingawa nyumba zenye taa hapa Zoria zilikuwa zimekwisha kupungua kama meno ya mzee.

Mwezi Novemba 1993 mapafu yalimshika, akalazwa hospitali Yorkton, nami nilipokwenda kumwona alinivuta kola.

"Upepo ukivuma, piga."

"Mpaka lini, mjomba?"

"Mpaka aingie."

"Na asipoingia?"

"Wewe una mikono ya kukamua ng'ombe zizi zima na mdomo wa kujisifia hiyo mikono. Usinililie hapa."

Tarehe 17 Februari mwaka huu, 1994, ulivuma tangu asubuhi, nikaingia hapa na mke wangu Sonia, nikapiga, na baada ya kupiga kwa saa sita nzima hatua zikaja, zikazunguka, mimi nywele zimesimama lakini mkono haukusimama, zikafika upande wa mlango, zikakoma. Kisha hapo kibarazani tukasikia mtu anakung'uta mabuti, kulia, kushoto, kama sisi sote tukung'utavyo tukifika kwa watu, mlango ukafunguka na kufungwa, hatukuona mtu, ila harufu ya majani makavu ilipita katikati, na benchi la akina Hnatiuk likalia kama linavyolia likikaliwa.

Nikaachia kamba. "Basi," nikamwambia Sonia, "ameingia, twende."

"Piga."

"Mama, si umesikia? Ameingia."

"Tymko naye alisema hivyo hivyo. Nani amekuhakikishia wote wamo? Piga, Metro."

Nikapiga, kwa hasira, naungama, mkono unachubuka, nikijua kabisa hakuna mwingine nje, mpaka saa tisa kasoro robo hatua zikaja tena, hizi nzito, hazikuzunguka hata mara moja, zilikuja moja kwa moja kama za mtu anayeijua njia kwa kamba, mabuti yakakung'utwa, na kikohozi kikasikika pale mlangoni, ambacho kila mmoja wenu hapa angekijua kati ya vikohozi vya dunia nzima. Benchi likalia mara ya pili, taratibu, kama mtu anayesogezewa nafasi.

Tulipofika nyumbani simu ilikuwa inalia, ni Olha, akasema baba amefariki saa nane na nusu, alikuwa anamwambia nesi anaisikia kengele, nesi akimwambia ni upepo. Asubuhi yake nyayo zilizoinuka zilikuwa njia mbili tu, moja kutoka uwanda wa mashariki, nyingine kutoka barabara ya Yorkton, zote zinaingia, hakuna iliyotoka.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa Yorkton, na hasa nesi yule aliyemfungulia dirisha kidogo ingawa hakuamini, wafanyakazi wenzake wa ghala waliobaki, padri, akina mama waliopika tangu jana, na majirani wote, ambao leo mmebanana nyuma na wengine mmesimama, mkaliacha wazi benchi lile la akina Hnatiuk, la kushoto, bila kuambiwa na mtu.

Pumzika kwa amani, mjomba. Nyumba zote nimepita, na wote wamo.