Kiti Kisichokaliwa na Mkwe

Pale Nyanga, migomba inapoishia na barabara ikaanza kuteremka kuelekea Bukoba mjini, kuna benchi la ubao mmoja lililoegemea ukuta wa nyumba ya Kahigi. Kahigi mwenyewe hakuliweka. Aliamka siku moja akalikuta, watu watatu wameshalikalia, na Lukmani muuza kahawa keshatua birika na jiko lake la mkaa pembeni. Tangu siku hiyo hajaulizwa kama anakubali. Alichopewa ni kikombe na jina. Wanamwita Breki, kwa sababu mchomoko wake, ile Probox nyeupe inayobeba abiria kati ya Bukoba na Muleba, husimama hata kuku akiwa bado anafikiria kuvuka.

Jumamosi hiyo kiti cha mbele cha Probox hakikuwa ndani ya gari. Kilikuwa chini, mbele ya benchi, kimevuliwa kitambaa, sponji nje, kama kuku aliyenyonyolewa akasahauliwa. Pembeni yake, juu ya gunia safi, ilikuwepo kava ya ngozi nyeusi iliyoshonwa kwa vipimo huko Mwanza na kufika jana yake kwa basi.

Kesho yake, Jumapili, binti yake Joviana alikuwa anapata kipaimara huko Muleba anakosoma bweni. Mtoto alikuwa amepiga kwa simu ya matroni kumwambia baba yake neno moja: bibi asipokuja, na yeye Kahigi asijisumbue. Sasa bibi mwenyewe, Mama Gaudiosa wa Kashozi, ana nyonga isiyoelewana na basi. Ilibaki Probox. Na kwenye Probox hajawahi kukanyaga mwaka wa kumi na moja huu.

Si kwamba wana ugomvi. Mama Gaudiosa ni mtu wa zamani, na kwao mama mkwe hakai alipokaa mkwewe, wala hasemi naye ana kwa ana. Kahigi humsalimu kupitia kwa mkewe Kokwijuka, naye hujibu kupitia kwa Kokwijuka huyo huyo. Miaka kumi na saba ya ndoa hawajawahi kukwaruzana hata siku moja, utaratibu ambao Kahigi huwapendekezea wakwe wote. Taabu ni gari. Dereva wa mchomoko ameshakalia kila mahali. Kiti cha nyuma amelia chakula, cha mbele amelalia akingoja foleni ya abiria. Kokwijuka alipokwenda kubembeleza alirudi na jibu: mama anasema kingekuwepo kiti ambacho mkwe hajakikalia, angefikiria. Kiti cha mbele, maana kule nyuma nyonga haikunjiki. Na kuhusu kukaa ubavuni kwa dereva, Kokwijuka alishatundika kitenge katikati, kama pazia la kuungamia.

Kahigi akaona njia. Kiti kipya hana, lakini ngozi mpya anaweza kukivisha, na atakivisha mwenyewe nyumbani kwake, kwa mikono yake. Kwa bahati mbaya nyumbani kwake ndipo benchi lilipo.

Wa kwanza kuishika ile kava alikuwa Lameki, mwenye bucha, anayeitwa Robo, na hakuna anayeuliza jina hilo lilitokea kwenye mzani upi. Aliinusa mbele, akainusa nyuma, akaikunja pembe.

— Huyu ng'ombe hajawahi kula majani, alisema.

— Fundi kaniapia ni ngozi, Kahigi akajitetea.

— Ngozi sikatai. Nauliza ya nani. Mimi mnyama asiye na tundu hata moja la unyoya namjua kambale peke yake.

Ishengoma akamwambia amwache mwenzake. Huyu ndiye Ulaya. Aliwahi kumsindikiza shemeji yake uwanja wa ndege wa Entebbe, akakaa pale saa nzima akitazama watu, na hajarudi kuwa yule wa zamani. Kwa maelezo ya Ulaya, huko nje hakuna anayejali ng'ombe, wanajali mshono. Na kwamba kiti ni kile kinachokugusa. Ngozi ikiwa mpya, kiti ni kipya, sponji ni mambo ya ndani ya familia.

Hapo Mwalimu Karugendo akaweka kikombe chini. Alifundisha Kiswahili miaka thelathini, akastaafu na methali zote, ila hakupewa mahali pa kuziweka.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema.

Wakangoja aeleze. Hakueleza. Robo ndiye aliyemsaidia, akasema maana yake ni kwamba sponji hiyo ina miaka kumi na moja ya mkwe ndani yake, na ukiivisha ngozi juu umemfunika mkwe, hujamwondoa. Lukmani akamuuliza Robo kama yeye akivaa kanzu mpya Ijumaa anakuwa Lukmani mwingine, na Robo akamjibu kwamba hilo benchi zima lingeshukuru.

Mwisho wakakubaliana sponji ipigwe. Ikaegemezwa kwenye shina la mgomba, Robo akaipiga kwa fimbo kama anayedai ukweli. Likatoka vumbi, yakatoka maganda ya karanga, ukatoka mguu wa senene wa msimu usiojulikana. Vumbi lilipokwisha, Mwalimu akatangaza kuwa mkwe ametoka.

Ikabaki kuvalisha. Kava ikaingia mabegani vizuri, ikashuka, ikakaza, ikagoma. Kulabu za chini zilizotakiwa kukutana zilibaki zikitazamana, katikati yao pengo la vidole vinne.

— Ulipima vipi wewe? Lukmani akauliza.

Kahigi akamtazama Ulaya. Ulaya akaitazama barabara. Ukweli ni kwamba siku ya kupima, Ulaya alimfundisha kuwa suruali haipimwi juu ya kamba, hupimwa juu ya mtu; basi na kiti kipimwe kikiwa na mtu. Robo akakalia kiti, kikabonyea hadi kwenye vyuma, Kahigi akazungusha futi ya mkewe, vipimo vikapelekwa Mwanza. Fundi hakukosea hata uzi. Alishona kava ya kiti kilichokaliwa na mwenye bucha.

— Basi Robo akae tena, tufunge, alisema Ulaya, kama mtu ambaye jambo hili halimhusu.

Mkwe aliyekatazwa ni Kahigi peke yake. Makalio mengine hayakuwa na kesi. Robo akakaa, kulabu zikakutana. Robo akainuka, kulabu zikaachana kwa mlio uliomtoa paka wa jirani juu ya paa. Wakarudia mara tatu, na kila mara Mwalimu akasema samaki mkunje angali mbichi, ambayo kwa mara ya kwanza katika maisha yake ilikuwa mahali pake, na hakuna aliyegundua. Mwishowe Robo akakaa asiinuke, akanywa vikombe viwili vya kahawa pale pale, huku Kahigi akiwa amelala chali chini yake na koleo mkononi, akifunga waya. Kule chini hakuona kitu ila vyuma na visigino vya Robo, akamfikiria Joviana amesimama kanisani na gauni jeupe, anageuka kuangalia mlango. Akakaza waya mzunguko mmoja zaidi.

Robo akainuka taratibu kama anayemwacha mtoto aliyelala. Waya ukashika.

Hata Lukmani aliacha jiko akaja kutazama. Kiti kilikuwa kimetuna, kinang'aa, mshono mwekundu umekizunguka kama njia ya sisimizi. Wakakibeba kwa heshima, wakakirudisha ndani ya Probox, Kahigi akakaza boliti nne kwa spana. Kisha akafanya lile ambalo dereva yeyote hufanya akishafunga kiti: akaingia, akakaa, akakisogeza mbele, akakirudisha nyuma, akakilaza kidogo. Akafumba macho.

— Hapa, alisema, hata Muleba ni karibu.

Walimwona wote. Hakuna aliyesema, kwa sababu walikuwa hawajawahi kumwona na raha namna ile. Lukmani ndiye aliyemhurumia mwisho.

— Breki, alisema polepole. Umekaa.

Kahigi akafumbua macho. Akaruka nje kama aliyekalia siafu.

— Penye wazee haliharibiki neno, akasema Mwalimu.

Benchi likaingia kazini. Ulaya alisema kukaa kunahesabiwa pale nia inapokuwepo. Breki alikaa kama fundi, hakukaa kama mkwe. Robo akasema makalio hayana kitambulisho, hayajui yameingia kwa cheo gani. Lukmani akashauri kiti kifutwe kwa maji ya uvuguvugu na limao, halafu kisahaulike. Mwalimu akasema mtembea bure si sawa na mkaa bure, wakamwomba anyamaze. Kisha Ulaya akaja na hoja nzito: kisheria mtu hajakaa garini mpaka miguu yote miwili iwe ndani.

— Mguu wa kushoto ulikuwa wapi? akauliza.

— Nje, nadhani.

— Nadhani haisaidii. Tuoneshe.

Kahigi akaingia tena, akakaa, akauweka mguu wa kushoto nje.

— Ulikuwa umeegemea?

Akaegemea.

— Hapana, Robo akapinga, mimi nilikuwa upande huu, goti lilikuwa ndani.

Kahigi akatoka, akaingia upya, akakaa goti likiwa ndani. Akakaa hivyo muda mrefu kidogo, maana Mwalimu alitaka kuona kutoka upande wa pili na mlango wa pili ulikuwa mgumu. Alipotoka alikuwa amekalia kiti kile mara tatu, moja kwa bahati mbaya na mbili kwa ushahidi.

Ndipo walipoisikia fimbo kwenye kokoto. Mama Gaudiosa alitakiwa saa kumi, ili wakalale Muleba. Ilikuwa saa saba. Tangu Alhamisi, alipoletwa na gari la parokia kwa ajili ya kliniki, alikuwa kwa bintiye mkubwa Consolata, nyumba ya sita kushuka chini, na watu wa umri wake wakishavaa hawangoji saa. Alikuja na gauni la gomesi la kijani, kwapani amebana mkeka uliokunjwa, na Kokwijuka nyuma yake na kikapu.

Benchi zima likasimama.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, waitu, watu wangu. Mnakunywa kahawa mchana?

Kahigi alishachuchumaa kando ya gurudumu, uso chini, kama inavyotakiwa. Aliona viatu vyake vikipita, viatu vyeusi vya Jumapili vilivyopakwa dawa, na akajua kwamba amejiandaa kweli. Vikasimama mlangoni mwa gari. Mama Gaudiosa akakitazama kiti. Akasema kitu kwa Kihaya, sauti ya chini, na Kokwijuka akatabasamu: mama anasema ni kizuri. Halafu bibi akanyoosha kiganja, akakiweka juu ya ngozi kama anayepima ndizi kama zimeiva chunguni.

— Mbona kina joto? akauliza.

Tangu asubuhi jua halikuwa limetoka. Wingu lilikuwa limelala juu ya ziwa na juu ya mji mpaka Nyanga, na kila mtu aliinua macho akalitazama kana kwamba ndilo lenye makosa. Mwalimu akafungua kinywa. Kwa mara ya kwanza hapakutoka methali. Ulaya, aliyekuwa karibu na mlango, akavuta pumzi.

— Ni ile injini, mama, huwa…

— Kokwijuka, Kahigi akasema kutoka chini, bila kuinua uso. Mwambie mama nimekikalia mimi.

Mama Gaudiosa alikuwa hatua mbili kutoka alipochuchumaa. Kokwijuka akageuka.

— Mama, anasema amekikalia yeye.

— Mara ngapi?

— Anauliza mara ngapi.

Kahigi akalishika gurudumu.

— Tatu.

— Anasema tatu.

Kahigi alihesabu kokoto zilizokuwa mbele yake. Alikuwa amefika kumi na nne, na kichwani keshaanza kupanga atakavyomwambia Joviana kwa simu ya matroni, aliposikia kitu kikikunjuliwa. Akainua jicho moja, kwa wizi. Bibi alikuwa ameuchukua mkeka wake kwapani, ameutandika juu ya ile ngozi, ameupiga kiganja mara mbili ulale. Kisha akamkabidhi Kokwijuka fimbo, akageuza mgongo, akakaa, akaingiza mguu mzima, halafu ule wa nyonga kwa mikono miwili. Alivuta mkanda mwenyewe. Ukalia kufunga.

— Mwambie nimesikia, alisema. Na kwamba mtu anayesema kweli ataendesha polepole.

— Anasema…

— Nimemsikia, alisema Kahigi.

Robo alifunga mlango kwa mikono miwili. Bibi akateremsha kioo. Mkono wake ulikuwa umeingia chini ya mkeka, unapapasa ule mshono mwekundu, unaufuata kutoka ukingo hadi ukingo.

— Kokwijuka, muulize tena. Kama mkeka upo, hii ngozi aliinunulia nini?

Kokwijuka akamgeukia mumewe. Kahigi akaligeukia benchi. Ulaya akamtazama Robo, Robo akamtazama Mwalimu, Mwalimu akamtazama Lukmani, na Lukmani, aliyekuwa hana wa kumtazama, akafunua birika akachungulia ndani. Kahigi akazunguka upande wake wa pazia, akaingia, akawasha gari, ili angalau kiwepo kitu kinachotoa sauti.