Kadi za Mashangazi wa Lafayette

Odile Guidry alisikia kila kitu, kwa sababu alikaa nyuma ya wanawake hao wawili na tramu ya St. Charles haikuwa na haraka. Delphine, mbunifu wa kadi za harusi, alikuwa amepakata sampuli zake. Mama mmoja asiyemjua, aliyeketi kando yake, alizipekua bila kuomba ruhusa, akachomoa moja yenye mwandiko wa mikunjomikunjo.

"Binti yangu anaolewa," alisema. "Nitengenezee kama hii. Ila za mashangazi wa bwana harusi, zidisha mikunjo mpaka wasijue ukumbi uko wapi."

"Mama, kadi isiyosomeka si kadi tena, ni pazia."

"Basi nishonee pazia. Hujawaona hao mashangazi wa kule mjini Lafayette. Wanakuja na mabakuli, na mchuzi wote wa gambo unahamia mikobani kabla bibi harusi hajaonja."

Delphine alijikaza asicheke. "Nyuma ya kadi kuna jina langu. Watasema sijui kuandika."

"Nani atakiri mbele za watu kwamba kadi nzuri hivi imemshinda kusoma? Watanyamaza tu, mwanangu."

"Na wakipiga simu kuuliza?"

"Hapo ndipo unishauri. Wewe si ndiye fundi?"

Tramu ilisimama, wakateremka wakiendelea kubishana. Odile alibaki kitini. Wiki nzima alikuwa amenyamaza na kadi ya harusi ya mpwa wake wa kiume iliyomshinda kusoma, na sasa alikuwa njiani kwa daktari wa macho. Alitoa simu, akafuta miadi, kisha akampigia mama wa bibi harusi wa mpwa wake amsomee kadi hiyo neno kwa neno.