Chapati ya Maembe Iliyogoma Kuiva Juu

Jikoni kwangu Majengo panavuja, kwa hiyo asubuhi ya Krismasi nilioka kwenye kibanda cha kijiwe mbele ya nyumba, anapouza kahawa Gervas. Nilipanga maembe kwenye sufuria, nikamimina rojo la unga, mayai na maziwa, nikafunika na kupalia mkaa juu ya mfuniko. Chapati hiyo nene ilikuwa ya mama mkwe, Immaculata, aliyekuwa njiani kutoka Mishamo. Krismasi iliyopita alitafuna andazi langu moja, akasema meno yamebaki machache na bado anayahitaji. Mayai yalikuwa yameisha, kurudia nisingeweza. Nikawaachia sufuria wateja wawili wa Gervas, Injinia wa baiskeli na Redio wa bodaboda, nikaingia kuogesha watoto. Kutoka nje, chini inanukia vizuri. Juu, uji.

— Mama Skola, hii kitu imegoma, alisema Injinia.

— Ni maembe, alisema Redio. Embe la Litapunga lina maji mengi. Hapo umeoka mto.

— Embe liko chini, wewe. Maji yatapandaje?

— Kwa mvuke. Kwani darasani ulikuwa unafanya nini?

— Nilikuwa nakaa nyuma yako, sioni ubao.

— Mi naona mayai, alisema Gervas akiwajazia vikombe. Kuku wa kisasa hajawahi kukimbizwa na mtu. Yai lake litapata wapi nguvu?

— Hapana, kibanda kimeinama, alisema Injinia. Joto lote linamwagikia barabarani. Ngoja nilete spana.

— Spana ya nini?

— Nikifika nayo nitajua.

— Mwaka unaisha, ndugu zangu, alisema Redio. Mwaka ukiisha hata moto unachoka. Pikipiki yangu leo haiwaki.

— Yako haiwaki tangu Pasaka.

— Nyie, mama akifika nampa nini? niliwauliza.

— Mtulize na kahawa, alisema Gervas. Leo imechemka kuliko siku zote.

Pikipiki ikasimama. Mama mkwe akashuka na mwavuli wake. Wanaume wakasimama.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, wanangu.

Akainama, akapitisha kiganja juu ya mfuniko. Kisha akanigeukia. Huwa ananiita mukazana, kama wanavyomwita kwao mke wa mtoto wa kiume.

— Mukazana, mkaa wa juu uko wapi?

Redio aliangalia ndani ya kikombe. Injinia akaondoka kwenda kutafuta spana. Gervas alisogeza mguu kuficha jiko la kahawa, lakini lilikuwa limejaa mkaa mwekundu mpaka pembeni.

Nikalitua birika chini, nikachukua koleo na kurudisha mkaa wangu wote kwenye mfuniko. Na wa Gervas nikaongeza. Mama mkwe akakaa katikati ya benchi, akamwita Injinia arudi, akampa kipande cha boksi.

— Pepea. Mkichoka mpokezane.

— Na kahawa, mama? aliuliza Redio.

— Mliyokunywa ilikuwa chapati yangu, alisema. Pepeeni.