Raita ya Mtu Mmoja

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mpishi aliyefanya kazi jikoni tangu ujana hadi uzee bila kuungua hata kidole. Msicheke. Wenzake walimwita Fundi Baridi, kwa sababu kazi yake ilikuwa moja tu: kutengeneza raita, kachumbari ya mtindi wa baridi. Fundi Baridi, mpishi wa raita, ametutoka wiki iliyopita.

Hoteli aliyofanyia kazi ilikuwa jirani na karakana ya magari. Mchana makanika waliingia na grisi mikononi, wakaagiza wali wenye pilipili ya kutoa machozi. Hapo ndipo raita ilipohitajika, kuupoza mdomo. Mama mwenye hoteli, Mhindi mkali wa maneno lakini mwenye huruma, ndiye aliyemfundisha. "Kitunguu lazima kioge kwanza," alimwambia. Basi Fundi Baridi alikata vitunguu vibichi vipande vyembamba, akavifikicha kwa chumvi, akaviosha, akavikamua mpaka ukali ukatoka. Kisha akaupiga mtindi mzito wa baridi mpaka ukalainika. Akatia pilipili mbichi kidogo, majani ya giligilani, na bizari nyembamba iliyokaangwa na kutwangwa. Hata hiyo bizari alikaangiwa na wenzake, maana yeye na moto walikuwa hawajuani. Alitengeneza beseni zima. Kila siku beseni zima, na kila siku lilirudi tupu.

Nimesema beseni, wasikilizaji wapendwa. Hilo lishikeni.

Mkewe alifariki mapema. Binti yake wa pekee, mshonaji, akapata kazi kiwandani, mji wa mbali. Hoteli nayo ikafungwa. Fundi Baridi akabaki na chumba kimoja, meza, na viti viwili, kimoja cha kuwekea nguo.

Mzee wa watu akatamani raita yake. Ikamshinda. Alijua kipimo cha beseni tu, kipimo cha watu wengi. Akipunguza mtindi, chumvi inazidi. Akipunguza chumvi, kitunguu kinatawala. Jirani yake wa mlango wa pili, kinyozi, anakumbuka: "Alikuwa ananiletea bakuli. 'Hebu onja, jirani.' Naonja, chumvi tupu! Namwambia, mzee, tamu hii. Ningesemaje? Nina mteja kitini, namrudishia bakuli lake, anarudi ndani. Sikuwahi kumwambia keti."

Akampigia simu binti yake. Binti akacheka. "Baba, si uweke nusu kitunguu tu?"

Baba akamuuliza: "Na nusu nyingine nimpe nani?"

Binti akadhani ni utani, kwa kuwa baba yake alikuwa mtu wa utani. "Mpe kinyozi!" akasema, wakacheka wote wawili. Akaahidi kuja akipata likizo. Likizo ikaja, akapewa kazi za ziada. Ikaja nyingine, mtoto wake akaugua. Kila mara baba alimjibu vilevile: "Usijali, mwanangu. Mimi niko salama." Hakuwa salama, wasikilizaji wapendwa. Alikuwa mpweke, na hakujua mtu anausemaje upweke kwa simu.

Mwezi uliopita binti akafunga safari bila kusema, ili amshtue mzee. Alifika mchana. Mlango ulikuwa wazi, baba yuko mezani, na pembeni ya sahani yake kuna kibakuli kidogo cha kuenea kiganjani. Haya ni maneno ya binti mwenyewe:

"Nilimwambia shikamoo baba, nikachovya kidole kwenye kibakuli chake. Ilikuwa sawasawa. Chumvi sawa, kitunguu sawa. Nikamsifu, 'Baba, umeiweza!' Akasimama, nikaona ameona aibu. Akaniambia, 'Marahaba, mwanangu. Ungesema unakuja. Hii haitatutosha.'"

Haitatutosha. Mtu wa beseni zima.

Akakimbilia kukata kitunguu kingine. Kwa furaha akaitia haraka, chumvi ikamzidi. Wakaila yote hivyohivyo, kila mmoja akimwambia mwenzake ni tamu. Binti alikaa siku chache, akarudi kazini. Wiki iliyopita akapigiwa simu na kinyozi. Fundi Baridi alilala, hakuamka.

Tunampa pole binti yake, wajukuu zake, na kinyozi wa mlango wa pili. Pole pia kwa makanika wote waliowahi kupozwa midomo na mkono wake. Binti asijibebeshe mzigo huu peke yake. Wengi wetu tuna mzee mahali fulani, na tukiulizwa habari zake tunajibu haraka: hana shida yule, ameshazoea.

Kuna mtu leo anakula peke yake, na wewe unamjua. Nenda, msikilizaji wangu. Nenda kabla hajazoea.