Fundi Hodi, Mlinzi wa Mlango wa Loji

Ndugu wafiwa, majirani na marafiki, poleni, na asanteni kwa kufika. Mimi ndiye dada niliyemfuata marehemu ziwa, nami nimepewa kazi ya kusoma wasifu wake. Nimeonywa niwe mfupi. Wanaonijua naona wameshaanza kutazamana.

Kaka yetu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa baba yetu seremala na mama yetu mshona nguo. Mama alizoea kusimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kutoka mpaka mkunga akachoka, akasema, "Huyu anangoja akaribishwe." Tangu alipojua kusema, hakuingia popote bila kupiga hodi, hata jikoni kwa mama yake, hata kwenye kile chumba tulicholala watoto wote kama dagaa. Basi akaitwa Hodi, na jina alilopewa na wazazi likabaki la kwenye vyeti.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959. Hesabu alizipenda, insha zilimpiga chenga. Siku moja alichelewa, akapiga hodi mlangoni, mwalimu hakumsikia. Mwingine angeingia kwa kunyata. Hodi alisimama nje mpaka kengele ya mapumziko. Jioni baba akamuuliza, "Leo umejifunza nini?" Akajibu, "Bawaba ya chini imelegea." Baba alicheka hadi akakaa chini, akasema huyu hana haja ya kutafutiwa kazi. Mwaka 1967 alipelekwa shule ya ufundi, akahitimu useremala mwaka 1969.

Aliajiriwa katika karakana ya milango na madirisha mwaka 1970, na mwaka 1984 akafungua ya kwake, kile chumba cha bati nyuma ya soko ambacho wengi wenu mnakijua kwa harufu ya gundi. Nusu ya waliopo hapa wanafunga milango yake kila jioni. Mlango unaolia ulikuwa unamuuma kama jino. Ukimwalika kwenye sherehe, baada ya muda utamkuta kapiga magoti nyuma ya wageni na suti yake, anapaka bawaba mafuta ya kupikia.

Mwaka 1978 aliitwa kutengeneza mlango wa wodi ya wazazi. Aliutengeneza siku moja, akarudi kuukagua mara nne. Mlango ulikuwa mzima tangu siku ya kwanza, ila zamu ya yule muuguzi mwembamba ilikuwa inabadilika. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1979. Mungu akawapa wavulana mapacha mwaka 1982, ndipo wifi yangu akawa Mama Mapacha, na kitinda mimba wao, binti, akafuata mwaka 1987. Kila jioni kwa miaka arobaini na zaidi kaka alipiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Mama Mapacha alikuwa anajibu kutoka ndani, "Hodi kwako mwenyewe, mwanamume wewe? Pita bwana, chakula kinapoa!"

Sasa nimefika pale mlipokuwa mnangoja nifike. Tulieni, nitasema.

Mwezi Oktoba 1988, kaka aliitwa kurekebisha mlango wa loji ya Wafrimasoni, lile jengo jeupe lenye ngazi tatu. Mwenyeji wake alikuwa mzee mfamasia. Kaka akamuuliza mtu anaingiaje humo. Mzee akamwambia kwao hakuna anayebembelezwa. Anayetaka huja mwenyewe, akabisha mlango. Jamani, mnamjua Hodi! Kuambiwa kuna mahali duniani ambapo watu wote wanaingia kwa kubisha, ilikuwa kama ameitwa nyumbani.

Mama Mapacha alipopata habari kwamba mumewe ameomba kuingia, nyumba iliwaka moto. Mtaani maneno yalikuwa yale yale mnayoyajua, ya damu, ya majini na ya utajiri wa ghafla. Kuhusu utajiri, mimi nasema hivi: kama loji inagawa utajiri, basi wa kaka yangu ulipotea njiani, maana dari ya sebule yake haijaisha mpaka leo. Lakini wifi aliogopa kweli, kwa ajili ya watoto wake. Akamwambia mbele yangu, "Nenda kwa watu wako, sikuzuii. Lakini wasije wakapiga hodi kwangu. Siku wakipiga, mimi natoka." Kaka akajibu neno moja tu: "Hawatapiga."

Huko loji alipewa kazi ya kulinda mlango wa nje. Mlinzi huyo hukaa nje na upanga wa heshima wakati wenzake wako ndani, na yeyote anayekuja huanzia kwake. Wengine hupokezana. Kaka aliiomba, akapewa, akaishika mpaka alipougua. Mama Mapacha alijaribu kumchimba, "Hivi huko ndani mnafanya nini?" Naye anajibu kwa upole, "Mke wangu, mimi nakaa nje."

Wifi hakutaka hata kuigusa ile aproni nyeupe wanayovaa. Kaka aliitunza kule karakana, akaifua mwenyewe na kuipiga pasi mwenyewe. Mkono wa randa si mkono wa pasi. Ilitoka na makunyanzi kama uso wangu huu. Wifi anapita, anaitazama, anasonya, anaendelea na safari yake.

Mwezi Januari 2023 mapafu yalianza kumsumbua. Vumbi la mbao lilikuwa limekaa humo miaka hamsini, na madaktari walifanya walichoweza. Tunawashukuru. Alipokosa nguvu za kutembea, aliomba kila Jumamosi alasiri kiti chake kisogezwe dirishani. Anakaa, anatazama barabara, halafu anainua mkono. Tulidhani anasalimia wapita njia. Kitinda mimba alidhani ni dawa zinampanda kichwani.

Wiki ya mwisho alimwita mkewe karibu, akamwambia, "Mama Mapacha, nikienda, wale wazee wangu waingie?" Wifi alimmiminia maji. Alimwambia, "Meza dawa kwanza." Jumanne, tarehe 6 Agosti 2024, alasiri, kaka alifariki dunia nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, na jibu hakulipata. Haya nayasema kwa sababu wifi mwenyewe ameniamuru niyaseme. Amelia kwa ajili ya jibu hilo kuliko nilivyomwona akilia kwa jambo jingine lolote.

Alhamisi asubuhi tuliona wazee wamesimama nje ya geti, suti nyeusi, juani, mmoja na mkongojo. Saa nzima wamesimama tu. Mama Mapacha akajifunga kanga vizuri, akatoka mwenyewe. Mimi nilimfuata mbio, nikijua leo kuna jambo.

Akawauliza, "Mnangoja nini hapa?"

Mzee mfamasia, ambaye sasa anaona kwa shida, akavua kofia. "Mama, marehemu alitukataza kupiga hodi kwako."

"Tangu lini?"

"Tangu siku aliyoingia loji. Alipougua tukawa tunakuja Jumamosi, tunasimama pale ng'ambo ya barabara. Yeye anatuinulia mkono dirishani, na sisi tunarudi."

Wifi yangu alishika geti kwa mikono miwili. Akasema, "Miaka yote hiyo analishika neno langu, na mimi nampikia tu, sijui!" Kisha akalifungua geti lote, mpaka lile bawa ambalo huwa tunafungulia magari tu, akasema, "Piteni, baba zangu. Piteni. Mtaumwa na jua." Waliingia mmoja mmoja, na kila mmoja, nawaapia, alipiga hodi. Naye aliwaitikia mmoja mmoja, "Karibu."

Walipokwisha kukaa, alimtuma pacha mkubwa karakana akalete aproni. Akaomba pasi.

Marehemu ameacha mjane, Mama Mapacha, watoto watatu, wajukuu watano, mimi na kaka yetu mdogo tuliobaki, mafundi wawili aliowalea karakana, na wazee wa loji, ambao mjane amesema wasomwe hapa pamoja na wafiwa wa nyumbani.

Mtakapopita kutoa heshima za mwisho, itazameni ile aproni juu ya jeneza. Haina kunyanzi hata moja.

Na Mama Mapacha ameniomba nimfikishie mumewe jibu lake, kwa kuwa yeye sauti imemkauka. Anasema, "Mzee, ndiyo. Wameingia wote."

Umesikia, kaka. Basi usingoje tena nje. Pita, ukapumzike kwa amani.