Ufunguo wa Sauti ya Tatu

Mama yetu mpendwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nota, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga. Alikuwa mdadisi tangu utotoni. Dada zake wanasema aliwahi kufumua koti la mteja ili aone mfuko umeshonwaje. Kichapo alikipata, na jibu pia alilipata.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965. Huko mwalimu wa kwaya alichora mistari mitano ubaoni, wenzake wakakimbilia nota, yeye akauliza ile alama iliyojikunja mwanzoni ni ya nini. Mwalimu akamweleza kuwa huo ndio ufunguo: ukiubadilisha, nota ileile, mahali palepale, inaimbwa kwa sauti nyingine. Tangu hapo vitabu vya nyimbo havikupumua mikononi mwake.

Mwaka 1972 aliajiriwa kunakili nota katika maktaba ya chuo cha muziki. Mwaka 1976 aliolewa na baba yetu, mwimba besi aliyekuja kulalamikia ukurasa uliofifia, akawa haishi kuja.

Mwaka 1983 yule mwalimu wa kwaya, sasa mzee mwenye macho hafifu, alileta wimbo mpya. Sauti ya tatu aliiandikia ufunguo wa C, unaosema mstari wa kati ndio C. Mama, kwa mazoea ya mkono, akaweka ufunguo wa G na kuziacha nota zilipokuwa. Siku ya kuimba, sauti ya tatu ilipaa ikagombana na sauti nyingine. Watu wakacheka, wakasema mzee amekwisha. Hakutunga tena.

Mama aligundua kosa mwaka 1998, akipanga makabrasha ya zamani. Baba alimshauri asilifukue. Hakusikia, alitaka kujua lilimfanya nini mzee. Akamfuata kibarazani kwake, akaeleza yote bila kujitetea.

"Mwanangu," mzee akasema, "mimi nilidhani masikio yangu ndiyo yameharibika."

Mama alilia. Mzee akaomba karatasi, na katika miaka minne iliyombakia alitunga nyimbo tisa. Mama alizinakili zote, akiutaja ufunguo kwa sauti kabla ya kugusa nota.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2023. Hospitalini alimtaka muuguzi amfafanulie kila alama kwenye chati yake, hata zile tulizotaka asizijue. Alifariki tarehe 19 Agosti 2024, saa nane mchana.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu saba na dada wawili. Ametuachia pia agizo tuwaambie ninyi mliokuwepo siku ile ya 1983: mzee hakukosea hata nota moja.

Pumzika kwa amani, Mama. Tumeshawaambia.