Nusu ya Wimbo wa Mwalimu Gichovi

Hapa Githongo, Meru, tunalima kahawa tangu enzi za babu zetu, lakini ya kunywa tunauziwa na Younis, mtu wa mji wa Maua, kwenye benchi iliyo nje ya duka la mbolea. Jioni hiyo ya manyunyu, Mutuma, mwimbaji wa bendi yetu, alikuwa ameinamisha kichwa. Bendi yake na ile ya Runji wa Embu zilitunga wimbo mmoja wa kumshukuru Mwalimu Gichovi, aliyewafundisha wote gitaa, na ambaye sasa amelala kwake mtaa wa Dallas, mjini Embu, akingoja siku yake. Walitumiana vipande kwa simu: Mutuma ubeti wa kwanza, Runji wa pili. Kisha wakagombania bendi gani itajwe kwanza, na wimbo ukakwama.

— Fuateni alfabeti, akasema Katiba, tunayemwita hivyo kwa kupenda sheria. Embu ni E, Meru ni M.

— Wewe ni wa huku ama wa huko? akafoka Spika, ambaye hata salamu huitoa kama hotuba. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Embu wakae nyuma, sisi tupone.

Mungu anisamehe, na mimi nilitia kuni:

— Mutuma, ukikubali kuwa wa pili, hata kwaya ya kanisa itakuficha nyuma ya vipaza sauti.

— Wazee, Runji ndiye aliyenifungia WhatsApp, akajitetea Mutuma.

— Ulikuwa umemwambia nini?

— Kwamba gitaa lake linalia kama mbuzi amefungwa juani.

— Basi andikeni majina kwa duara, kama muhuri, akasema Katiba. Duara halina mbele.

— Lina juu, bwana! akasema Mutuma.

— Ama kila bendi itoe nusu yake, akahutubia Spika. Msikilizaji ashike simu mbili, sikio hili Runji, hili lingine Mutuma. Kidole kimoja hakivunji chawa!

— Na mwenye sikio moja? akauliza Katiba.

— Huyo asikize mahubiri.

— Hata Suleimani alikata mtoto, nikaongeza, kila mama akaenda na nusu yake.

— Hakukata, mzee, akasema Younis, akimimina. Mama wa kweli aliachilia.

Niliona haya. Mimi ndiye mzee wa kanisa.

Ndipo akafika msichana, koti limelowa.

— Hamjambo, wazee. Namtafuta Mutuma. Mimi ni Teresia, wa Mwalimu Gichovi.

Mutuma akasimama.

— Baba hali chakula tena. Anauliza tu kama wimbo wake umetoka.

— Bado kidogo, mama, akasema Spika. Kuna mambo ya itifaki.

— Kwa Runji nilienda. Amehama, na simu haishiki. Sasa nikasema wewe uniimbie nirekodi, nimpelekee leo. Runji alimwambia baba kuna mahali ametajwa kwa jina. Hapo tu panatosha.

— Hapo ni kwa ubeti wa pili, akasema Mutuma, polepole. Ule wa Runji. Niliufuta kwa hasira.

— Si neno. Ubeti huo unasemaje?

Mutuma hakuwa ameushika hata mstari mmoja. Akamtazama Katiba, akamtazama Spika, akanitazama mimi. Wiki nzima tulikuwa tumeutetea wimbo huo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuomba kuusikia.

Teresia hakuishusha simu. Ilikuwa imeshaanza kurekodi, na ikaendelea kurekodi manyunyu, na Younis akiosha vikombe.